Tumbo Langu, Kichwa Changu

Maksai wa Milembe walikuwa na majina ya kiburi: mmoja Serikali, mwingine Bunduki. Ukipita barabara ya Dutwa wakati wa kilimo ulimsikia kabla hujamwona. "Serikali, kaa kwenye mtaro! Bunduki, usinichezee!" Abiria wa mabasi walichungulia madirishani wakicheka. Mumewe, Ngassa, alikuwa fundi baiskeli pale senta, mtu mpole mwenye vidole vyeusi kwa grisi, na plau hakuiweza. Basi aliyelima alikuwa Milembe. Pamba, mahindi, choroko, vyote vilipita mikononi mwake, na hakuona sababu ya kumwomba mtu radhi kwa hilo.

Nilimfahamu kwa sababu tuliimba kwaya moja. Pale kijijini wengi walimwita Mama Shida, kwa jina la binti yake mkubwa. Waliomjua tangu utoto wake Malampaka, jirani na stesheni ya reli, walimwita Milembe, yaani amani. Amani yenyewe hakuwa nayo sana. Mwalimu wa kwaya akikosea sauti alimsimamisha mbele ya watu wote, tukaanza upya.

Ugonjwa ulimjia na homa ya tumbo, msimu ule ambao mvua ilisomba uchafu wote ikauingiza lamboni tunakochota maji. Homa ilitibiwa, ikaisha. Tumbo ndilo lililobaki na matata. Lilijaa gesi, likauma, likafunga, likafunguka. Akaenda duka la dawa. Muuzaji akamtazama usoni, akasema taifodi imerudi, akampa vidonge vya kuua bakteria. Akapata nafuu kidogo, kisha tumbo likarudia hali yake, naye akarudia duka lake. Hakuna aliyempima. Ikawa ndiyo mazoea: tumbo likinguruma, vidonge, yakiisha maumivu, anangoja yarudi. Mwaka mzima ukaenda hivyo.

Halafu kikaingia kitu kingine. Usingizi ulimkimbia. Moyo ulimwenda mbio akiwa ameketi tu anapepeta choroko. Alianza kuogopa, asijue anaogopa nini. Chakula kikawa hakina ladha. Alilia akikoroga uji, akafuta machozi kwa kiwiko, akaendelea kukoroga. Kwaya akaacha kuja.

"Nilikuwa kama mtu aliyefunikwa na debe," aliniambia baadaye. "Nawasikia watoto wanacheka nje, lakini kicheko chao hakinifikii."

Siku moja akiwa shambani alisimamisha ng'ombe katikati ya mtaro, akakaa chini kwenye udongo uliotoka kugeuzwa. Hakuinuka. Serikali na Bunduki walisimama na nira shingoni mpaka wakachoka, wakavuta plau wenyewe hadi kwenye mahindi ya jirani, wakaanza kula. Jirani alikuja akifoka. Alipofika alimkuta Milembe anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Mama Shida, inuka! Ng'ombe wako wananimaliza!"

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Ningekuwa sitaki ningekwambia sitaki," akasema Milembe. "Nimekwambia siwezi."

Walimbeba kumpeleka nyumbani, na maneno yakawatangulia njiani.

Dodoma kuna hospitali ya wagonjwa wa akili iitwayo Mirembe, na nchi nzima jina hilo limegeuzwa mzaha. Kwetu Usukumani, ambako r na l havijawahi kugombana, mzaha ulijitengeneza wenyewe. "Milembe aende kwao Mirembe," walisema vijana waliokaa pale Ngassa anapotengenezea baiskeli, wakaacha alipoinua kichwa. Wifi yake, Stephania, dada wa Ngassa, aliumia kusikia hayo. Akaenda kumshauri kwa nia njema kabisa.

"Wifi, una jina la ubatizo, Martha. Litumie hilo. Watakosa cha kuchekea."

Milembe alikuwa amelala ameukabili ukuta. Aligeuka. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Bibi yangu ndiye aliyeniita Milembe. Jina haliumwi, ninayeumwa ni mimi. Wakitaka kucheka, wacheke. Jina langu silifichi kwa ajili ya meno yao."

Stephania alitoka nje akatuambia tuliokuja kumjulia hali: "Bado yumo. Nimemsikia. Bado yumo mle ndani."

Zengo, kaka mkubwa wa Ngassa, hakuwa mtu wa kucheka wala wa mizaha. Alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache, na ukoo ulimsikiliza. Kwake jambo lilikuwa wazi: mwanamke mwenye nguvu kama yule haanguki hivi hivi. Amerogwa. Akampeleka kwa mganga upande wa Zagayu. Mganga akasema kuna mtu amemfunga tumbo, akampa dawa chungu iliyomtapisha na kumharisha mpaka akarudi nyumbani amefungwa kwa khanga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, asije akaanguka. Zengo alipokuja kumchukua kwa mara ya pili, Milembe aliushika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili.

"Siendi. Ile dawa imenitoa kila kitu isipokuwa ugonjwa."

Ndipo Zengo akaitisha kikao cha ukoo. Walikutana uani kwake, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mkeka kando ya ghala. Milembe alifika ameshikwa mkono na Stephania, amekonda, gauni likimning'inia. Zengo alizungumza kwa upole, na upole wake ndio uliotisha.

"Mimi sina ugomvi na shemeji yangu. Lakini shamba linalala. Mdogo wangu anateseka. Nasema hivi: ama shemeji akubali kutibiwa kwa mganga, ama arudi Malampaka akapumzike kwa baba yake, na Ngassa atafute wa kumsaidia."

Kila mtu alielewa wa kumsaidia maana yake ni mke mwingine. Ngassa aliangalia ardhi. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Ikadhaniwa yamekwisha.

"Shemeji Zengo," Milembe akasema kutoka mkekani. "Naomba kukuuliza. Mwaka jana ugonjwa wa ndigana ulipoingia zizini kwako, ulimwita nani?"

Zengo alishangaa. "Bwana mifugo."

"Hukumwita mganga?"

"Wale ni ng'ombe, shemeji."

"Basi mimi nimekosa nini, hata ninyimwe wanachopata ng'ombe?"

Mwanamke mmoja alicheka akaziba mdomo. Milembe alikuwa anainuka, polepole, akishikilia ukuta wa ghala.

"Nimewasikia nyote. Sasa mnisikie. Kama nimerogwa, aliyeniroga aje aniambie usoni, maana nimekaa hapa sijakimbia. Malampaka sirudi. Mimi si mzigo uliokosea treni, mnirudishe stesheni. Kesho naenda hospitali Bariadi. Anayetaka kunizuia alete kamba, anifunge kama mbuzi, na watoto wangu waone nani aliyenifunga."

 Kisha Ngassa, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumpinga kaka yake hata kwa kukohoa, akasimama. Alisema neno moja tu.

"Nitampeleka."

Bariadi, baada ya foleni ndefu, walipokelewa na daktari mwanamke aitwaye Wilhelmina, mtu wa makamo, mwenye miwani aliyoipandisha kwenye nywele na kuisahau huko.

"Karibu, mama. Unaumwa nini?"

"Tumbo na kichwa," Milembe akasema. "Na usiniambie nichague kimoja. Kila ninakokwenda wananiambia nichague."

Daktari aliweka kalamu chini. "Sawa. Tusichague. Nieleze vyote."

Alimuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza: analalaje, anakulaje, mara ya mwisho alifurahi lini, dawa gani amemeza na nani alimwandikia. Mwishoni akamuuliza kama amewahi kufikiri kuyakatisha maisha yake.  Ngassa alikuwa ameketi pembeni yake.

"Nimefikiri," Milembe akasema. "Nimefikiria lambo."

Ngassa hakulijua hilo. Aliichukua kofia yake magotini, akaishika kwa vidole vile vyeusi, na hakuiachia mpaka walipotoka.

Vipimo havikuonyesha taifodi. Daktari Wilhelmina aliwaeleza kwamba ule uzito, ule woga, kule kulia, ni ugonjwa uitwao sonona, na unatibika. Kisha akarudi kwenye tumbo.

"Ndani ya utumbo wako, mama, wanaishi bakteria wengi sana. Wengine wabaya, lakini wengi ni wa faida, wanasaga chakula, wanakulinda. Vidonge ulivyokuwa unameza bila kipimo vinaua wabaya na wema pamoja. Huenda ndiyo sababu tumbo halikutulia. Na tumbo na ubongo vinapelekeana habari, kwa mishipa ya fahamu, na kwa kemikali ambazo baadhi yake zinatengenezwa na bakteria hao hao. Wanasayansi wamewachunguza watu wenye sonona, na wengi wameonekana kuwa na bakteria tofauti kidogo na wa watu wengine."

"Kwa hiyo bakteria wangu ndio walionifanya hivi?"

"Hapo sitaki kukudanganya. Inawezekana tumbo lilivuruga akili. Inawezekana akili, kwa kukosa usingizi na chakula, ilivuruga tumbo. Inawezekana vinasukumana. Bado wanatafuta, na mimi siwezi kukupa jibu ambalo hawajalipata."

Milembe aliliwaza hilo. Baadaye alisema ndilo lililomfanya amwamini: mtu wa kwanza tangu aanze kuumwa kukiri kuna asilolijua.

"Sasa niambie wazi, daktari. Mimi ni mwendawazimu?"

"Una sonona. Na hata ungekuwa na huo ugonjwa mwingine unaouogopa, bado ungekuwa mgonjwa. Usingekuwa mkosaji."

Alimwandikia dawa ya sonona, akamwonya kwamba itachukua wiki kadhaa kabla hajaona tofauti, akamtaka aje kuzungumza naye mara kwa mara. Vidonge vya dukani basi, mpaka apimwe. Maji yachemshwe. Ngassa akaambiwa asimwache peke yake siku zile za mwanzo. Na chakula, daktari akasema, huhitaji kukitafuta mbali: mtindi, kunde, choroko, mlenda, viazi. "Hivyo peke yake havitaondoa sonona. Vitalisaidia tumbo lako lipate utulivu."

Kupona hakukuwa kama kwenye mahubiri. Mwanzoni dawa zilimletea kichefuchefu na kumkausha mdomo, na Zengo akapita kusema, "Mnaona sasa?" Milembe alirudi Bariadi kulalamika, daktari akabadilisha kiwango cha dawa, Milembe akarudi tena. Mtindi wa kibuyu ulimwagwa na paka, akagandisha mwingine. Ngassa alijaribu kulima ili shamba lisilale. Mitaro yake ilipinda kama nyoka aliyelewa, na Serikali, asiyezoea kuongozwa na mtu anayemwambia "tafadhali", alilala chini katikati ya shamba. Milembe alikuwa ameketi kivulini anatazama. Akacheka. Ngassa akaacha plau pale pale akaja mbio, akadhani anakabwa na kitu.

"Nini, mama Shida? Nini?"

"Nacheka, baba Shida. Acha nicheke."

Msimu uliofuata alirudi nyuma ya plau. Alirudi kwenye kwaya pia. Na huenda hadithi ingeishia hapo, kama si Novatus.

Novatus alikuwa mchuuzi wa dawa za asili zilizosagwa unga, kijana mtanashati aliyekuja kwenye gulio na spika imefungwa kwenye pikipiki. Kila siku ya gulio alikuwa na unga wa kitu kipya. Siku hiyo Milembe alikuwa anachagua dagaa walioletwa kutoka Lamadi, na mimi nilikuwa kando yake, tukasikia spika:

"Wazimu unatoka tumboni, ndugu zangu! Wazungu wameshagundua! Bakteria wabaya wanapanda kichwani! Unga huu unafua tumbo, bakteria wote chali, kichwa kinarudi kama kipya! Mnataka ushahidi? Si mnamjua Mama Shida, mke wa Ngassa fundi baiskeli? Alibaki kidogo tu aokote makopo! Leo analima! Kopo moja la unga huu!"

Watu waligeuka kumtazama Milembe. Nilimshika mkono. "Twende zetu," nikamwambia.

"Twende wapi?" akasema. "Hapa ni kwetu."

Akaniachia dagaa, akapita katikati ya watu, akamnyooshea Novatus mkono. "Nipe hicho kipaza sauti, mwanangu." Novatus alidhani Mungu amemletea shahidi. Alimpa kwa mikono miwili.

"Mwadila!" Milembe akawasalimu, na sauti ikajaa soko zima. Watu wakaitikia. "Mimi ndiye Milembe. Wengine mnaniita Mirembe mkidhani sisikii. Nasikia. Unga wa kijana huyu sijauonja hata kwa ncha ya ulimi."

Novatus alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Milembe akamgeuzia bega.

"Nina ugonjwa unaoitwa sonona. Si siri tena, nimesema. Nilitaka kujitupa lamboni, niwaache watoto. Natibiwa hospitali ya Bariadi, nameza kidonge kila siku, nazungumza na daktari. Na mtindi nakunywa, na mlenda nala, maana tumbo langu nalo nililiharibu kwa vidonge vya kubahatisha. Daktari anasema tumbo na kichwa vinajuana. Vinajuanaje hasa, bado wanachunguza. Sasa huyu wa pikipiki, yeye amemaliza kuchunguza lini?"

Kicheko kilianzia kwa wauza nyanya kikaenea.

"Mama, unaniharibia biashara," Novatus akasema, akasahau kwamba kipaza sauti kinamsikia na yeye.

"Wewe umeanza kuniharibia mimi."

"Kwani umepona au hujapona? Si unalima?"

Nilidhani hapo atasema amepona. Mtu akishasimama mbele ya watu namna ile hutaka kuonekana mzima. Milembe alivuta pumzi.

"Kuna siku bado nalia. Wiki iliyopita nimelia shambani, nimeshika plau, machozi yanashuka. Nililima hivyo hivyo nalia. Nendeni mkautazame ule mtaro kama haukunyooka."

Akamrudishia kipaza sauti chake, akaja kuchukua dagaa wake. Njia nzima hatua zake hazikubadilika.

Jioni hiyo Zengo alikuja amevimba. Hakukubali kiti.

"Shemeji, umetuvua nguo sokoni. Ukoo mzima."

"Nimejivua mwenyewe, shemeji. Nguo zako ziko mwilini mwako, jitazame."

"Hayo mambo husemwa ndani."

"Nilikaa nayo ndani. Yalikaribia kuniua humo ndani, na wewe ulikuwepo."

Zengo aliondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo wakikutana njiani aliitikia salamu yake kwa kutikisa kichwa tu. Milembe hakupunguza salamu. "Mwangaluka, shemeji!" alisema kwa sauti, kila asubuhi, kama anadai haki yake.

Kisha akaja Evalina. Evalina ni mke wa Zengo, mama mtulivu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata kumfukuza kuku. Alikuja kuazima ungo. Akapewa ungo, hakuondoka. Akaugeuzageuza mikononi.

"Mama Shida," akasema hatimaye, "ile kliniki yako ni siku gani?"

Milembe hakumuuliza kwa nini. Alimwambia siku, akamwambia, "Nitakupitia."

Asubuhi ya siku yenyewe, Milembe alipofika kwa Evalina, alimkuta Zengo amekwisha kutoa pikipiki yake nje. Hakusema kitu. Aliwapeleka barabarani, mmoja baada ya mwingine, akasubiri basi lije, akawaangalia wakipanda, akageuza. Kwa Zengo, hayo yalikuwa maneno mengi.

Bariadi walishuka stendi. Jua lilikuwa kali, na Milembe mwenyewe hakuwa na siku nzuri. Alikuwa ameamka na ule uzito wa zamani kifuani, na tumbo limeanza kunguruma tena. Alikuwa na mengi ya kumwambia daktari. Dereva wa bodaboda akawasogelea.

"Wapi, mama zangu?"

"Hospitali. Kliniki ya afya ya akili."

Dereva alitazama huku na huku, akainama, akanong'ona. "Nitawashusha getini, mtaingia taratibu. Hakuna atakayejua mnakwenda upande upi."

"Kwani unaumwa koo?" Milembe akamuuliza. "Mbona sauti imekukauka?"

Akafungua mdomo aendelee, lakini Evalina alimgusa mkono. Evalina alikuwa amejifunika khanga mpaka kwenye nyusi tangu walipotoka Dutwa. Aliishusha mabegani. Wenye bodaboda wengine walikuwa wamegeuka kusikiliza, na muuza maji naye.

"Mpaka mlangoni," Evalina akasema, na sauti yake, ndogo kama ilivyokuwa, ilisikika pande zote. "Kliniki ya akili. Sisi wote wawili."